Wafundisheni Wanaonyamaza

Hakuna mwalimu nchini Kenya asiyejua kwamba kulala na mwanafunzi ni kosa. Hata anayelitenda anajua. Ndiyo maana hungoja jua litue, hufunga mlango, na humwonya mtoto asithubutu kumwambia mama yake. Kwa hiyo kila nisikiapo kuwa dawa ya uovu huu ni kuwakusanya walimu ukumbini, kuwasomea kanuni za maadili kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kuwapa soda na mandazi, kisha kuwapitishia karatasi ya mahudhurio watie sahihi, damu hunichemka. Mnamfundisha nani? Na mnamfundisha nini ambacho hakijui?

Nisieleweke visivyo. Mafunzo ya maadili kwa walimu nayataka, na nayataka kesho asubuhi. Lakini siku zote tumemlenga mtu asiyesikia. Mwovu mmoja katika shule yenye walimu 20 hatageuzwa na semina. Wanaoweza kugeuzwa ni wale 19 wanaokaa naye, wanaokunywa naye chai ya saa nne, wanaojua au kushuku, na bado wananyamaza. Hao ndio wanaostahili kuketishwa darasani. Hao ndio hawajafundishwa hata siku moja.

Najua kwa sababu nilikuwa mmoja wao.

Nilianza kazi nikiwa kijana, katika shule ya msingi ambayo sitaitaja, si mbali na mji wa Thika. Nyumba za walimu zilikuwa nyuma ya uwanja wa mpira, ng'ambo ya ua wa kayaba. Kila Ijumaa jioni msichana wa darasa la saba alivuka uwanja ule akiwa amebeba vitabu vya insha vya darasa zima, vimepangwa mpaka kidevuni, akivipeleka nyumbani kwa mwalimu mmoja aliyependa, kama alivyosema, kusahihisha kwenye utulivu. Sisi tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya ofisi tukimtazama. Jioni moja mwenzetu alitupa neno la mzaha, na sote tukacheka. Mimi pia nilicheka. Muhula uliofuata yule msichana hakurudi. Daftari la mahudhurio likamhesabu kuwa hayupo kwa wiki tatu, kisha jina lake likapigwa mstari kwa rula na wino mwekundu. Mwalimu yule naye akapata uhamisho. Hakuna aliyeniuliza lolote, nami sikumwambia mtu yeyote chochote.

Nilikuwa na cheti changu cha ualimu wakati huo. Nilikuwa nimefaulu somo la saikolojia ya mtoto na somo la falsafa ya elimu. Ningeweza kukueleza hatua za kukua kwa akili ya mtoto bila kufungua kitabu. Lakini hakuna mkufunzi aliyewahi kunisimamisha mbele ya wenzangu na kuniuliza: ukimwona mtoto anavuka uwanja jioni kuelekea nyumba ya mwalimu, utasema nini, utamwambia nani, na kabla ya saa ngapi?

Sisi wa ukanda huu wa Ruiru na Thika hatuna kisingizio. Panda matatu pale Kahawa, kwenye lango la Chuo Kikuu cha Kenyatta, chuo ambacho jina lake lilijengwa na kazi ya kuandaa walimu. Pita Ruiru, pita Juja, shuka Thika mjini. Hapo yapo makao makuu ya Mount Kenya University. Endelea kuelekea mlima wa Ol Donyo Sabuk utafika chuo cha walimu cha Kilimambogo. Mwaka 2021, Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ilipozindua mpango wake wa kuwaendeleza walimu kikazi, ilichagua taasisi nne nchi nzima za kuuendesha. Mbili kati ya hizo, KU na MKU, ziko kwenye barabara hii moja. Wataalamu wa ualimu wamejaa kando ya lami yetu kama wachuuzi wa mananasi.

Na mpango wenyewe ulikuwa wa namna gani? Sehemu sita, kila moja miaka mitano, jumla miaka 30, na mwalimu ajilipie hadi shilingi 6,000 kila mwaka kutoka mfukoni mwake. Piga hesabu mwenyewe: shilingi 180,000 mpaka astaafu. Vyama vya walimu vilipiga kelele, na vilikuwa na haki. Kuna walimu wanagenzi wa sekondari msingi waliofundisha kwa malipo ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Huyo, baada ya kodi ya chumba Kiandutu au Githurai na nauli ya kila siku, atatoa wapi za kujinunulia maadili? Mafunzo ya kumlinda mtoto hayapaswi kuwa bidhaa. Yalipiwe na mwajiri, yafanyike saa za kazi, na yasigeuzwe ngazi ya kupandia cheo, maana mafunzo yanayouzwa hununuliwa na mafunzo yanayopandisha cheo hukaririwa. Cheti kitatundikwa ukutani na msichana ataendelea kuvuka uwanja na vitabu vyake.

Anayedhani ninatia chumvi na asome hukumu ya Jaji Mumbi Ngugi ya Mei 2015 katika Mahakama Kuu ya Nairobi. Wasichana wawili wa shule ya msingi kutoka Nakuru, waliojulikana mahakamani kwa herufi WJ na LN, walinajisiwa na mwalimu wao mwaka 2010. Mawakili wao hawakumlenga mwalimu peke yake. Waliishtaki pia shule, Tume na Serikali. Tume ikajitetea kwamba alichokitenda mwalimu yule kilikuwa nje ya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Jaji aliukataa utetezi huo. Alisema Tume haiwezi kuwazungusha wanyanyasaji wa watoto kutoka shule hadi shule, halafu iridhike na kuwafuta kazi. Ni lazima iweke utaratibu utakaohakikisha mtu wa tabia hiyo hapewi nafasi hata mara moja. Akaamuru wasichana hao walipwe fidia ya jumla ya shilingi milioni 5. Tume ikakata rufaa. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikaitupa rufaa hiyo.

Hebu litazameni jambo hilo vizuri. Miaka kumi baada ya watoto wale kuumizwa, mwajiri wa walimu wa nchi hii alikuwa bado kortini, akilipa mawakili, akitafuta njia ya kusema "si mimi". Hilo nalo lilikuwa somo la maadili, tena lilisikika hadi shule ya mwisho kule ndani. Lilimfundisha kila mwalimu mkuu kwamba jambo likitokea kwako, kazi yako ya kwanza ni kujitoa.

Kinachouma zaidi ni kwamba Tume hiyohiyo, mwaka huohuo wa 2010, ilikuwa imetoa waraka mzuri sana. Ni Waraka Namba 3 wa 2010, wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Unamtaka kila anayepata habari za unyanyasaji aziripoti ndani ya saa 24. Unasema anayeficha naye ana kosa. Na ulikuja wakati ambapo ilitangazwa kwamba walimu zaidi ya 1,000 walikuwa wamefutwa kazi katika kipindi cha miaka miwili kwa kuwadhulumu wasichana. Elfu moja! Kila mmoja wao alikuwa na ofisi ya walimu alimokuwa akiketi, na kila ofisi ilikuwa na viti vingine, na juu ya kila kiti kulikuwa na mtu mwenye macho.

Nimekuwa nikiwauliza walimu vijana ninaokutana nao, Ruiru kwenye kituo cha magari, Thika kwenye foleni ya benki, kama wamewahi kuuona waraka huo. Wengi hawajauona. Wachache wameusikia. Mmoja aliniambia upo kwenye kabati la mwalimu mkuu, na kabati lina kufuli.

Sasa niseme mafunzo ninayoyataka yafundishe nini, kwa sababu tumechoka na maneno makubwa ya uadilifu na uwajibikaji yasiyomsaidia mtu saa saba mchana.

Saa saba mchana, baada ya githeri, mtoto anakujia. Hasemi amenajisiwa. Watoto hawasemi hivyo. Anasema tumbo linamuuma. Anasema hataki kukaa kwenye kipindi cha hesabu. Au anasimama mlangoni, anasugua kiatu chini, kisha anauliza, "Mwalimu, nikikuambia kitu utamwambia mtu?" Na mwalimu mwema, mwenye huruma, anajibu papo hapo: "Sitamwambia mtu, mwanangu." Tayari ameharibu. Ameahidi jambo asiloweza kulitimiza bila kuvunja sheria au kumvunja mtoto moyo. Jibu la haki ni kwamba nitamwambia yule tu anayeweza kukusaidia, na nitakuwa nawe. Ni sentensi fupi, lakini haiji yenyewe. Lazima mtu afundishwe, airudie, aizoee mdomoni.

Baada ya hapo, asimhoji. Asimuulize alikuwa amevaa nini, wala kwa nini hakupiga kelele. Asikilize, aandike maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa, si kwa Kiswahili sanifu cha mwalimu. Asimpeleke kwa naibu, naibu amrudishe kwa mkuu, mkuu amwite mwenyekiti wa bodi, na kila mmoja amtake mtoto aanze upya. Ajue kwamba mtoto asiogeshwe na nguo zisifuliwe kabla ya kuonwa na daktari, na kwamba nguo hizo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki hufungia unyevu na ushahidi ukaharibika. Ajue kwamba dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ni lazima zianzwe ndani ya saa 72, kwa hiyo hospitali haingoji kikao cha bodi. Thika tuna hospitali kubwa ya Level 5. Hakuna sababu ya mtoto wa Makongeni kulala nyumbani na jeraha la namna hiyo. Ajue fomu ya P3 haiuzwi. Ajue nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure, usiku na mchana, na aiandike ubaoni mahali kila mtoto anaiona.

Na jambo moja ambalo wakuu wetu wa shule hulikosea kila mara kwa kujiona waungwana: asimwite mshukiwa kwanza ili "apewe nafasi ya kujieleza". Nafasi hiyo ataipata mbele ya polisi, mbele ya Tume na mbele ya mahakama. Ukimwita asubuhi, jioni yupo nyumbani kwa mtoto na mfuko wa unga na kilo mbili za sukari.

Haya yote yanafundishika kwa asubuhi moja. Hayahitaji profesa. Yanahitaji muuguzi, askari wa dawati la jinsia, afisa wa watoto, na mtu wa kuwasukuma walimu wasimame waigize. Mwalimu mmoja awe mtoto, mwingine awe mwalimu wa zamu, naibu awe mshukiwa anayetabasamu na kusema ni uvumi tu. Waone aibu humo chumbani ili wasiione uwanjani. Wafanye hivyo kila Januari kabla ya watoto kurudi, si mara moja katika miaka mitano.

Faida yake haiishii kwenye lango la shule. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa karibu msichana mmoja kati ya watatu, na mvulana mmoja kati ya watano, alikuwa amefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wa waliowatendea hivyo hawakuwa walimu. Walikuwa majirani, jamaa, marafiki. Basi mtoto huyo atamwambia nani? Mama anatoka Kimbo saa kumi na moja alfajiri kuwahi kibarua Nairobi, anarudi saa mbili usiku. Mtu mzima anayekaa na mtoto huyo mchana kutwa ni mwalimu. Ukilifunza sikio la mwalimu mmoja umewafungulia mlango watoto 50.

Lakini kuna kitu kinachomziba mwalimu mdomo, nacho si kukosa habari tu. Ni fimbo.

Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaongeza makali: anayemtesa au kumdhalilisha mwanafunzi anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Haya, nenda ukasimame nje ya ua wa shule asubuhi, saa ya waliochelewa. Utaisikia fimbo kwa masikio yako. Wanaosikia si wewe tu. Wamo walimu wote, na wanapita na vikombe vyao. Kila mmoja amejifunza kuwa sheria huishia getini. Mtoto naye amejifunza, akiwa na miaka saba, kwamba mtu mzima akimuumiza mbele ya watu wazima wengine hakuna anayeinua mkono. Kisha tunashangaa kwa nini akiwa na miaka 13 haongei!

Tena kuna ubaya wa ndani zaidi ya huo. Aliyempiga mtoto kinyume cha sheria jana hawezi kumripoti mwenzake leo kwa kosa kubwa zaidi, kwa sababu mwenzake atamjibu: "Na wewe je?" Aliyekula pesa za masomo ya ziada ya Jumamosi hawezi. Aliyefumba macho wakati karatasi ya mtihani ilipozungushwa hawezi. Dhambi ndogo ndogo za ofisini ndizo kamba ambazo mhalifu mkubwa huwafungia wenzake ndimi. Nimekaa katika ofisi hizo na nimeziona kamba hizo zikikazwa, kwa tabasamu, kwa mkopo wa shilingi 500, kwa "mimi na wewe tunajuana". Mafunzo ya maadili yasiyoanzia kwenye fimbo na pesa ya Jumamosi hayatafika kwenye nyumba iliyo nyuma ya uwanja.

Nije Ruiru hasa. Hesabu ya watu ya 2009 iliipa Ruiru wakazi 238,858. Ile ya 2019 ikakuta 490,120. Mji umeongezeka zaidi ya maradufu ndani ya miaka kumi, na shule za umma hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Pengo limezibwa na shule za binafsi, nyingine nzuri kweli kweli, nyingine orofa mbili za nyumba ya kupangisha zenye jina la Kiingereza na basi la manjano. Siwasemi kwa ubaya wazazi wanaozitegemea. Mtoto lazima asome. Sisemi pia kuwa shule za huku ni mbovu kuliko za kwingine. Nasema kwamba mahali watu wanapoongezeka kwa kasi namna hii, hakuna anayejua historia ya mwenzake, na mwenye shule anayehitaji mwalimu wa hesabu kufikia Jumatatu haulizi sana.

Sheria ya Tume ya mwaka 2012 inataka kila anayefundisha awe amesajiliwa, hata katika shule ya binafsi. Usajili unadai cheti cha maadili mema kutoka kwa idara ya upelelezi. Sawa. Lakini cheti hicho kinasema mtu hajawahi kushikwa. Hakisemi hajawahi kutenda. Tena Tume inawasajili walimu tu. Dereva wa lile basi la manjano, mpishi, bawabu, kijana anayefundisha mchezo wa kuogelea, hao Tume haiwajui. Watunga sheria waliwaona: kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinamtaja mwalimu mkuu, mwalimu na mfanyakazi yeyote wa shule, iwe rasmi au isiwe rasmi, na kifungo chake kwa kuitumia nafasi yake vibaya ni miaka isiyopungua kumi. Basi kwa nini semina zetu huwaita walimu pekee, huku anayemshusha mtoto wa mwisho njiani jioni akiwa dereva? Yeye naye aketi chumbani. Bawabu naye aketi, maana hakuna anayejua nani huingia na kutoka kama bawabu.

Kuna dhambi ya wakurugenzi ambayo hakuna anayeitaja hadharani, nayo ni barua. Mwalimu anashukiwa. Mwenye shule anaogopa wazazi watahamisha watoto. Anamwita, anamlipa mshahara wa mwezi, anamwandikia barua nzuri ya sifa na kumwombea heri. Wiki ijayo mtu yuleyule yuko Juja na chaki mkononi. Barua hiyo ni mtoto wa mtu mwingine ametolewa sadaka ili jina la shule libaki safi. Nchini Uingereza, mwaka 2002, wasichana wawili wa miaka kumi waliuawa katika mji wa Soham na mtunzaji wa majengo wa shule ya sekondari ya pale. Baadaye iligundulika kwamba alikuwa ameshatuhumiwa mara kadhaa kwingineko, lakini habari hizo hazikumfikia aliyemwajiri. Uchunguzi uliofuata, wa Michael Bichard, uliotolewa 2004, ndio uliozaa utaratibu wa kuwachunguza wote wanaofanya kazi na watoto nchini humo. Walihitaji makaburi mawili ili wajifunze kuulizana. Sisi tunangoja mangapi?

Walimu wenzangu huniambia: mkitufundisha kuripotiana, tutasingiziwa. Hofu hiyo siidharau. Mwalimu akisingiziwa jambo hili maisha yake huvunjika, na mtaani hakuna anayesubiri hukumu. Sheria ya 2006 ilikuwa na kifungu kilichomtisha anayetoa madai ya uongo kwa adhabu sawa na ya kosa lenyewe, mpaka kilipofutwa mwaka 2012, na kilifutwa kwa sababu kiliwatia hofu hata waliokuwa wakisema kweli. Kinga ya mwalimu mwadilifu haiko katika vitisho vya aina hiyo. Iko katika mazoea yanayojulikana na wote. Mlango wa ofisi uwe wazi anapozungumza na mwanafunzi. Ujumbe wa simu kwa mwanafunzi usiku usiwepo. Asimpe mtoto lifti peke yake. Vitabu visahihishwe shuleni. Shule ambayo kila mtu anazijua taratibu hizo na kuzifuata, anayezikiuka anaonekana mapema, na asiyezikiuka ana mashahidi 19.

Na ninyi wazazi, mniwie radhi, siwezi kumaliza bila kuwagusa. Nani huenda kwa chifu kumaliza mambo "kama wazazi"? Nani hupokea karo ya mwaka mzima iliyolipwa kimyakimya, au mbuzi, au ahadi ya ndoa mtoto akitimiza miaka 18? Kosa hili si deni la nyumba mbili. Ni jinai, na si lenu kulisamehe. Chifu anayekalia kikao cha namna hiyo, badala ya kuita polisi, naye yumo kwenye uovu huo, tena kwa mshahara wa serikali. Mwalimu aliyejipa moyo akaripoti, kisha akamwona mzazi akicheka na mshukiwa sokoni, hataripoti tena.

Muhula mpya utafunguliwa. Bodi za shule zitaketi, zitajadili alama, sare, basi na ada ya chakula. Nataka katika kila bodi, Thika na Ruiru, mtu mmoja aulize ni lini walimu na wafanyakazi wote wa shule hii watakaa asubuhi nzima kufanya lile igizo, na asikubali kujibiwa "baadaye". Nataka KU, MKU na Kilimambogo wasimruhusu mwanafunzi wa ualimu kwenda mafunzo ya nyanjani kabla ya kulipitia, kama vile hatuwezi kumruhusu daktari mwanafunzi kushika kisu kabla ya kunawa mikono. Nataka Waraka Namba 3 utolewe kabatini ubandikwe ukutani, kwa Kiswahili, mahali mpishi na mtoto wanaweza kuusoma.

Na kwenye igizo, nataka mwalimu kijana, mwaka wake wa kwanza kazini, asimame katikati ya chumba huku wenzake wakimtazama. Mwingine apite mbele yake amebeba vitabu mpaka kidevuni. Huyo kijana aseme, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma: "Mwanangu, vitue hapa mezani. Nitavipeleka mimi." Sauti ikitetemeka, arudie. Ikitetemeka tena, arudie tena.